David Livingstone

David Livingstone (Blantyre, Uskoti, 19 Machi 1813 – Chitambo, leo nchini Zambia, 1 Mei 1873) alikuwa daktari, mmisionari Mprotestanti na mpelelezi wa Afrika. Anajulikana hasa kwa safari zake ndefu kusini, katikati na mashariki mwa bara hilo, na kwa maandishi yake dhidi ya biashara ya watumwa.

Mwaka 1844 alikamatwa na simba akaponea chupuchupu. Maelezo aliyoyaandika baadaye kuhusu hali ya akili yake alipokuwa kinywani mwa mnyama huyo ni kati ya masimulizi ya zamani yanayojulikana zaidi kuhusu mang'amuzi ya watu waliokaribia kufa. Yamesomwa na watu wengi waliofiwa, wakitafuta kujua kama mpendwa wao aliteseka katika dakika zake za mwisho. Livingstone mwenyewe alifiwa mara nyingi, na kifo chake hakikufanana na kile alichokiepuka ujanani. Maiti yake ilibebwa na wenzake Waafrika kutoka Chitambo hadi pwani ya Bahari ya Hindi, wakipitia nchi ya Ufipa katika Tanzania ya leo.

Utoto na masomo

Livingstone alizaliwa katika familia maskini. Baba yake, Neil Livingstone, alikuwa mchuuzi wa majani ya chai na mfuasi mkali wa dini. Familia iliishi katika chumba kimoja cha jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Akiwa na umri wa miaka 10, David aliajiriwa kiwandani humo kuunganisha nyuzi zilizokatika. Alifanya kazi tangu alfajiri hadi saa mbili usiku, kisha akaenda shule ya jioni. Inajulikana kwamba aliweka kitabu juu ya mashine ili asome sentensi mojamoja kila alipopita.

Baba yake hakupenda asome vitabu vya sayansi, akihofia vitamwondolea imani. Kijana huyo alipata nafuu aliposoma maandishi ya Thomas Dick, mwalimu na mwanafalaki wa Uskoti, aliyetetea kwamba sayansi na dini havipingani. Kitabu kimojawapo cha Dick kilihusu maisha baada ya kifo. Kwa njia hiyo, Livingstone alikuwa amesoma na kufikiri juu ya mauti miaka mingi kabla hajakutana nayo uso kwa uso.

Mwaka 1836 alianza masomo ya udaktari mjini Glasgow, akijilipia ada kwa mshahara wa kiwandani. Alipokelewa na Shirika la Kimisionari la London, akawekewa mikono mnamo Novemba 1840. Alitaka kwenda China, lakini vita vya kasumba vilizuia. Alipokutana na Robert Moffat, mmisionari wa Kuruman kusini mwa Afrika, aliamua kwenda huko. Alisafiri kwa meli mwezi Desemba 1840 na kufika Kuruman mwaka 1841.

Mkasa wa simba

Mwaka 1843 Livingstone alianzisha kituo kipya huko Mabotsa, kati ya Wakgatla, katika Afrika Kusini ya leo. Simba walikuwa wakivamia mazizi ya wenyeji na kuua mifugo hata mchana. Ilijulikana kwamba simba mmoja akiuawa wengine huhama, hivyo mnamo Februari 1844 Livingstone aliungana na wanakijiji katika msako.

Alimwona simba nyuma ya kichaka, akampiga risasi mbili kwa bunduki yake ya mitutu miwili. Alipokuwa akishindilia risasi nyingine, simba alimrukia, akamkamata begani, wakaanguka chini pamoja. Mnyama alimtikisa kama mbwa anavyomtikisa panya. Mwalimu mwenyeji aliyeitwa Mebalwe alijaribu kumpiga simba kwa bunduki, lakini haikulipuka. Simba akamwacha Livingstone akamrukia Mebalwe na kumng'ata paja. Mtu wa tatu alipokuja na mkuki, naye aling'atwa begani. Hapo simba akaanguka na kufa kwa risasi za mwanzo.

Mfupa wa mkono wa kushoto wa Livingstone, kati ya bega na kiwiko, ulikuwa umevunjika vipandevipande, na meno yalikuwa yameacha majeraha 11. Kwa kuwa hapakuwa na daktari mwingine karibu, alilazimika kuelekeza mwenyewe namna ya kuutengeneza. Mfupa haukuunga vizuri, ukabaki na kiungo bandia mahali ulipovunjika. Tangu siku hiyo hakuweza kuinua mkono huo juu ya bega bila shida.

Katika kitabu chake cha mwaka 1857 alieleza kwamba mtikiso wa kwanza ulimtia katika hali kama ya ndoto. Hakusikia maumivu wala hofu, ingawa alijua wazi kila kilichokuwa kikitendeka. Aliifananisha na hali ya wagonjwa waliopewa klorofomu kidogo, ambao huona upasuaji wote bila kuhisi kisu. Alimtazama mnyama machoni bila kuogopa. Baada ya kutafakari, alidhani kwamba huenda wanyama wote wanaouawa na wanyama wala nyama huingia katika hali hiyo hiyo. Kama ni hivyo, aliona kuwa ni huruma ya Muumba ili kupunguza uchungu wa kufa.

Ndoa na watoto

Livingstone alikwenda Kuruman kujiuguza. Huko alichumbia Mary, binti wa Robert Moffat, nao wakaoana mnamo Januari 1845. Mary alikuwa amezaliwa Afrika, alijua vizuri Kitswana, na ndiye aliyeendesha maisha ya nyumbani na shule ya watoto. Walipata watoto sita: Robert, Agnes, Thomas, Elizabeth, William Oswell na Anna Mary.

Mwaka 1849 Livingstone alivuka jangwa la Kalahari na kufika Ziwa Ngami pamoja na William Cotton Oswell na Mungo Murray. Mwaka uliofuata aliichukua familia yake katika safari ya pili, ingawa Mary alikuwa mjamzito. Watoto waliugua homa. Muda mfupi baada ya kurudi Kolobeng, Elizabeth alizaliwa, akaishi wiki sita tu. Wazazi wa Mary walimlaumu vikali mkwe wao. Livingstone alihuzunika sana, lakini mwaka 1851 alisafiri tena kaskazini pamoja na familia yake.

Mwaka 1852 aliwapeleka mke na watoto Cape Town, wakapanda meli kwenda Uingereza. Walibaki huko zaidi ya miaka minne kwa fedha kidogo, bila makao ya kudumu, wakimngoja baba ambaye watoto wadogo hawakumkumbuka.

Safari ya kuvuka bara

Kati ya miaka 1852 na 1856 Livingstone alifanya safari iliyompa umaarufu. Kutoka Linyanti, kwa msaada wa watu wa chifu Sekeletu wa Wakololo, alikwenda magharibi hadi Luanda, akafika mwaka 1854 akiwa hoi kwa homa. Manahodha wa Kiingereza walimpa nafasi ya kurudi kwao kwa meli. Alikataa, kwa sababu alikuwa ameahidi kuwarudisha wenzake nyumbani. Akarudi nao Linyanti, kisha akafuata mto Zambezi kuelekea mashariki. Mnamo Novemba 1855 aliona maporomoko ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, akayapa jina la malkia Viktoria. Alifika Quelimane, pwani ya Msumbiji, mnamo Mei 1856.

Akiwa njiani baba yake alifariki Uskoti, na habari hizo zilimfikia akiwa safarini kurudi. Aliporudi Uingereza alipokewa kama shujaa na kitabu chake kiliuzwa sana.

Kifo cha Mary

Mwaka 1858 Livingstone alirudi Afrika akiongoza msafara wa serikali ya Uingereza katika mto Zambezi. Safari hiyo haikufaulu kama ilivyotarajiwa. Maporomoko ya Kebrabasa yalizuia meli, wenzake waligombana, na wamisionari waliofuata wito wake walikufa kwa homa, akiwemo askofu Charles Mackenzie mnamo Januari 1862.

Mary alimfuata mumewe mapema mwaka 1862. Miezi mitatu tu baadaye alishikwa na homa kali huko Shupanga, kando ya Zambezi. Kwinini haikusaidia tena. Alifariki tarehe 27 Aprili 1862 akiwa na umri wa miaka 41, akazikwa chini ya mbuyu. Livingstone, aliyekuwa ameona vifo vingi bila kuonyesha machozi, alilia kama mtoto. Katika daftari lake aliandika kwamba kwa mara ya kwanza maishani alitamani kufa.

Hapa ndipo tafsiri yake ya mkasa wa simba ilipokutana na mtihani. Alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mgonjwa aliyepoteza fahamu, asiyeweza kusema anachohisi. Faraja aliyoiandika baada ya hapo haikutegemea tena mfano wa simba, bali imani yake ya Kikristo kwamba watu huonana tena baada ya kifo.

Misiba haikuishia hapo. Mwanawe wa kwanza, Robert, alikwenda Marekani, akajiunga na jeshi la Kaskazini kwa jina lisilo lake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alitekwa, akafa katika kambi ya wafungwa ya Salisbury, North Carolina, mnamo Desemba 1864, akiwa na umri wa miaka 18. Mama yake Livingstone alifariki mnamo Juni 1865.

Habari ya uongo ya kifo chake

Mwaka 1866 Livingstone alirudi Afrika kwa mara ya mwisho. Alipitia Zanzibar, akashuka kusini mwa pwani ya Tanzania ya leo na kufuata mto Ruvuma. Alitaka kutafuta chanzo cha mto Naili na kukusanya habari za biashara ya watumwa. Baadhi ya wapagazi wake, watu wa visiwa vya Komoro wakiongozwa na Musa, walimwacha karibu na Ziwa Nyasa. Ili wapate mshahara wao, walipofika Zanzibar walidai kwamba ameuawa na Wangoni.

Habari hizo zilitangazwa magazetini Uingereza mwaka 1867. Familia yake na marafiki waliomboleza mtu aliyekuwa hai. Baadhi yao walitilia shaka, na msafara ulioongozwa na Edward Young ulikwenda Ziwa Nyasa mwaka huohuo, ukathibitisha kutoka kwa wenyeji kwamba Livingstone alikuwa amepita salama kuelekea magharibi.

Ugonjwa wa mwaka 1869

Ingawa hakuuawa, hatari ya kweli ilikuwa karibu. Mnamo Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibwa, naye alihisi kana kwamba amehukumiwa kifo. Bila kwinini, kila homa ilimpiga zaidi. Alifika kusini mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1867, kisha Ziwa Mweru, na Ziwa Bangweulu mwaka 1868.

Mwanzoni mwa mwaka 1869, magharibi ya Ziwa Tanganyika, alishikwa na kichomi. Alikohoa damu, akashindwa kutembea, akapoteza hesabu ya siku. Katika daftari aliandika kwamba akitazama magome ya miti aliona sura za watu, na alijiona mwenyewe akiwa maiti njiani kwenda Ujiji, huku barua alizozitarajia huko zikiwa hazina faida tena. Aliwafikiria watoto wake. Tofauti na siku ya simba, safari hii akili yake haikuwa tulivu: ilijaa majuto na watu wa mbali.

Aliyemwokoa ni Mohamed bin Gharib, mfanyabiashara Mwarabu, aliyemtengenezea machela, akamlisha na kumpa dawa hadi ziwani. Alifika Ujiji kwa mtumbwi mnamo Machi 1869. Jambo hili huonyesha ugumu wa miaka yake ya mwisho: mpinzani wa biashara ya watumwa aliishi kwa msaada wa watu walioifanya.

Manyema, Nyangwe na Ujiji

Kutoka Ujiji Livingstone alikwenda Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Vidonda vya miguu vilimlaza miezi mingi huko Bambarre katika miaka 1870 na 1871. Alieleza kwamba alipokuwa Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne.

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, alishuhudia watu wa wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni. Mamia waliuawa au walizama mtoni. Taarifa yake ya tukio hilo iliposomwa Uingereza, ilisaidia kuongeza shinikizo lililomfanya Sultani Barghash wa Zanzibar kufunga soko la watumwa mwaka 1873.

Livingstone alirudi Ujiji mnamo Oktoba 1871 akiwa amedhoofika na mali zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Siku chache baadaye mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika akiwa na chakula, dawa na barua. Walitembelea pamoja kaskazini mwa ziwa, kisha wakaenda Unyanyembe, karibu na Tabora. Mnamo Machi 1872 Stanley aliondoka kwenda pwani. Livingstone alikataa kwenda naye.

Kupita Ufipa mwaka 1872

Stanley alimtumia wapagazi kutoka pwani, wakiwemo vijana waliosoma shule ya Nasik nchini India, kama vile Jacob Wainwright. Tarehe 25 Agosti 1872 Livingstone aliondoka Unyanyembe. Alifika Ziwa Tanganyika mwezi Oktoba, akafuata ufuko wake wa mashariki kuelekea kusini, katika nchi ya Wafipa.

Wakati huo Ufipa iligawanyika katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Wafipa walijulikana kwa kilimo, kwa kufua chuma katika tanuri ndefu za udongo na kwa kufuma nguo za pamba. Kwa msafara, njia ya ziwani ilikuwa ngumu. Milima hushuka hadi majini, hivyo walipanda na kushuka bila kukoma katika joto kali la mwisho wa kiangazi. Livingstone alikuwa akitokwa damu kwa sababu ya ugonjwa wa tumbo. Wenzake hawakusahau ugumu wa njia hiyo, na kumbukumbu hiyo iliamua njia yao ya kurudi.

Kifo

Mvua za mwaka 1873 ziliwakuta katika mabwawa ya Bangweulu. Livingstone aliharisha damu na kupata maumivu makali. Mwishowe hakuweza hata kukaa juu ya punda. Alibebwa kwa machela hadi kijiji cha chifu Chitambo, na kila mtikiso ulimuumiza hata akaomba wasimame mara kwa mara. Utulivu aliousimulia kuhusu siku ya simba hauonekani katika siku hizo.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, mvulana aliyekuwa zamu, Majwara, alimwita Susi. Walipoingia kibandani walimkuta bwana wao amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kikiwa juu ya mikono. Alikuwa ameshafariki.

Safari ya maiti

Waliongoza msafara sasa Abdullah Susi, mwenyeji wa Shupanga, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861. Wenzao walikuwa pamoja na Jacob Wainwright, mpishi Halima na wengine. Kumzika palepale kungekuwa rahisi, na hakuna ambaye angewalaumu. Kubeba maiti kupitia nchi za watu kulikuwa jambo la hatari, kwa sababu wenyeji wengi walichukizwa nalo na kuliogopa. Hata hivyo waliamua kumrudisha kwao.

Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, alipasua mwili na kutoa viungo vya ndani. Alikuta bonge kubwa la damu iliyoganda tumboni. Moyo na viungo vingine vilizikwa chini ya mti, na Wainwright akasoma sala za mazishi, kisha akachonga jina na tarehe kwenye shina. Chifu Chitambo na watu wake waliomboleza kwa heshima. Mwili ulitiwa chumvi, ukakaushwa juani kwa wiki mbili, ukafungwa kwa kitambaa na gome la mti, ukashonewa turubai na kupakwa lami.

Safari ilikuwa ya taabu. Mwanzoni wengi waliugua, wakakaa karibu mwezi mzima. Walipigana katika kijiji kimoja kilichowakatalia kupita. Walipokaribia Ziwa Tanganyika hawakufuata ufuko waliopita mwaka uliotangulia. Walipita bara zaidi, mashariki ya ziwa, katika nchi ya Ufipa, ambako leo ipo miji ya Sumbawanga, Chala na Namanyere. Kwa njia hiyo Ufipa ilipitiwa na Livingstone mara mbili: mara ya kwanza akiwa mgonjwa, mara ya pili akiwa maiti mabegani mwa rafiki zake.

Mnamo Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, wakamkuta luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron alishauri mwili uzikwe hapo. Wapagazi walikataa. Kasekera, ambako wenyeji walizuia maiti isipite, walifanya kana kwamba wanairudisha Unyanyembe kwa maziko, huku wakiifungasha upya ionekane kama robota la nguo. Mnamo Februari 1874 walifika Bagamoyo, baada ya mwendo wa miezi tisa hivi na zaidi ya kilometa 1,500. Kwenye mwisho wa safari hiyo walilipwa mishahara yao na kuachishwa kazi.

Mkono uliomtambulisha

Meli iliyobeba mwili ilifika Southampton katikati ya Aprili 1874. Wainwright alikuwa pamoja nao. Kwa sababu habari za kifo cha Livingstone ziliwahi kuwa za uongo, na kwa kuwa sura haikutambulika tena, ilibidi kupata uthibitisho. Daktari mpasuaji William Fergusson, ambaye aliwahi kuuchunguza mkono wa Livingstone alipokuwa hai, aliutafuta mfupa wa mkono wa kushoto. Alikuta kiungo bandia kilichoachwa na meno ya simba miaka 30 kabla. Hapo shaka ikaisha, na watoto wake wakajua wanamzika nani.

Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alikuwa mmoja wa walioshika jeneza pamoja na Stanley. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baada ya mazishi, wakamsaidia Horace Waller kuhariri madaftari ya mwisho ya Livingstone. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882 na Susi mwaka 1891, baada ya kubatizwa kwa jina la David. Wainwright alifariki Urambo mwaka 1892.

Masimulizi yake na uchunguzi wa baadaye

Masimulizi ya Livingstone yalitangulia uchunguzi wa kitaalamu wa mang'amuzi ya namna hiyo. Mwaka 1892 mwanajiolojia wa Uswisi Albert Heim alichapisha habari za watu walionusurika baada ya kuanguka milimani, ambao wengi walisimulia utulivu na kukosa maumivu. Daktari Mmarekani Lewis Thomas aliutaja mkasa wa simba katika insha zake zilizotolewa kama kitabu mwaka 1974, alipojadili kama kufa kunauma. Mwaka uliofuata kitabu cha Raymond Moody kiliyafanya mang'amuzi hayo yajulikane duniani kote.

Ni vema kutofautisha mambo mawili. Watu wengi katika vitabu vya baadaye husimulia kuona mwanga, kutoka nje ya mwili au kukutana na marehemu. Livingstone hakusimulia lolote kati ya hayo. Alieleza tu kwamba maumivu na hofu viliondoka huku fahamu ikibaki. Wanasayansi hulieleza jambo hilo kwa namna mwili unavyojikinga wakati wa hatari ya ghafla, hasa kwa kemikali za ubongo zinazotuliza maumivu. Watu wa dini wameliona, kama yeye, kuwa neema. Maelezo hayo mawili si lazima yapingane.

Kwa msomaji aliyefiwa, maisha ya Livingstone yanatoa ushahidi wa pande mbili. Kwa upande mmoja, mtu aliyeshambuliwa vibaya sana alithibitisha kwamba kile kilichoonekana kwa watazamaji kuwa mateso makali hakikuhisiwa hivyo na yeye. Kwa hiyo anayeomboleza mtu aliyekufa kwa ajali ya ghafla asidhani kwamba aliyoyaona au kuyawaza ndiyo yaliyohisiwa na marehemu. Kwa upande mwingine, ugonjwa wake wa mwisho ulikuwa wa maumivu ya muda mrefu. Mkasa mmoja hauwezi kuwa kanuni ya vifo vyote.

Urithi

Livingstone hukumbukwa kwa namna mbalimbali. Hakupata chanzo cha Naili, na aliwaongoa watu wachache sana. Safari zake zilifungua njia kwa wamisionari, lakini pia kwa ukoloni uliofuata. Familia yake ililipa gharama kubwa kwa ajili ya kazi yake, na mwenyewe alikiri kujutia kwamba hakucheza vya kutosha na watoto wake walipokuwa wadogo.

Miji ya Blantyre nchini Malawi na Livingstone nchini Zambia inamkumbusha, na mnara umejengwa Chitambo mahali moyo wake ulipozikwa. Waliombeba, ambao majina ya wengi wao hayako kwenye minara, walihakikisha kwamba mazishi yake hayakuwa ya kubahatisha kama ile habari ya uongo ya mwaka 1867, bali yalifanyika mbele ya watoto wake.